Pipi Isiyolika

Mama Pacha alitolewa mahabusu Jumatatu asubuhi akiwa amekumbatia kifua chake kama mtu mwenye baridi, na baridi haikuwapo. Alipoketi mbele ya meza ya Inspekta ndipo sababu ikaonekana. Maziwa yalikuwa yamelowanisha gauni lake, yakakauka, yakalowanisha tena, na kitambaa cha kifuani kilikuwa kigumu kama karatasi.

"Tangu Ijumaa," alisema bila kuinua uso. "Watoto wangu wananyonya, Afande. Wote wawili."

Inspekta, mwanamke mzima mwenye watoto wake mwenyewe, alimtazama koplo. Koplo akatazama dirisha.

Kesi ilikuwa imeiva kabla jiko halijawashwa. Ijumaa, ushanga wa kale wa jiwe jekundu la akiki ulitoweka kwenye chumba cha kazi cha makumbusho. Mama Pacha, mfagizi mgeni pale, alikuwa amepita na ufagio wake. Mlinzi alimwuliza mbele za watu kama amechukua, akajibu ndiyo. Kikapu chake kilipopekuliwa, chini ya kanzu za watoto ukapatikana ushanga mwekundu wenye michoro myeupe. Kukiri kupo, kidhibiti kipo. Inspekta mwenyewe ndiye aliyemfunga pingu, na mchana huu mama huyu angesimama mbele ya hakimu.

"Nataka nikusikie mara moja zaidi kabla hatujaenda mahakamani," alisema Inspekta. "Ulisema ulichukua."

"Nilichukua. Sijakataa. Nimeomba radhi mpaka sauti imekauka. Ilikuwa moja tu, Afande."

"Ukaipeleka wapi?"

"Niipeleke wapi tena? Nilikula."

Koplo alicheka kwa puani. "Ulikula jiwe, mama? Meno unayo hayo?"

"Jiwe gani, mwanangu? Ile yenye karatasi ya kijani. Iko kwenye sahani pale kwa karani, kila anayepita anachukua. Nimetoka mlangoni tu, yule mlinzi, Kufuli, akanijia mbio, 'Wewe, umechukua Pipi?' Nikasema ndiyo. Nikatae vipi na utamu uko mdomoni?"

Kicheko cha koplo kilikatika.

"Kwa nini hukuniambia hivi Ijumaa?" aliuliza Inspekta.

"Nilikwambia. Nilisema nilichukua pipi. Wewe ukaandika. Ukaniambia weka dole gumba hapa, nikaweka. Nikajisemea, labda siku hizi watu wanafungwa kwa pipi, mimi nitajuaje?"

Inspekta alishika kalamu, akaiweka chini, akaishika tena.

"Na ule ushanga wa kikapuni?"

"Wa mwanangu, wa mkononi. Uzi ulikatika."

"Koplo, mtafutie nguo kavu. Na usimwite tena mtuhumiwa."

"Nimwiteje, Afande?"

"Ana jina la watoto wake. Mwite hilo."

Mama Pacha alisimama. "Basi niende zangu?"

"Bado. Ushanga wenyewe haujaonekana, na ule wa kikapuni haujapimwa. Mkubwa wangu hatakubali kukuachia kwa maneno matupu."

"Kwa maneno matupu ndiyo nilifungwa," alisema Mama Pacha, akarudi mahabusu bila kusukumwa.

*

Mkuu wa makumbusho aliwapokea ukumbini na tai yake imenyooka. Nyuma yake alisimama Kufuli, mlinzi wa mlango wa ndani, mtu wa mwili na funguo nyingi, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata kicheko hakimtoki bila kibali.

"Pipi ni nini?" aliuliza Inspekta kabla ya salamu kwisha.

Mkuu alitabasamu kidogo. "Ah! Ni lugha yetu ya ndani. Ushanga ule una maelfu ya miaka. Ukisema 'akiki' kwenye simu, kesho wezi wamepanga foleni. Ukisema Pipi, nani atajua?"

"Mfagizi alijua?"

"Wafagizi hawaambiwi mambo ya usalama."

"Kwa hiyo mlimkamata kwa neno ambalo hamkumfundisha."

Mkuu alishika tai. Kufuli alipitisha funguo kutoka mkono huu kwenda mkono ule.

"Na mimi nikaliandika," alimalizia Inspekta. "Nipelekeni kwenye chumba cha kazi."

Chumba kilikuwa kidogo na safi, na meza ndefu iliyofunikwa shuka jeupe mpaka karibu na sakafu. Ukutani palibandikwa picha ya ushanga, imekuzwa ikawa kubwa kama sinia. Mbele ya picha alisimama mwanamke aliyevaa koti jeupe. Kazi yake ilikuwa kusafisha na kutunza vitu vya kale, na wote walimwita Fundi. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kichwa bado?" Mkuu alimwuliza. Kisha akamgeukia Inspekta. "Ijumaa aliondoka mapema, kichwa kilimbana."

"Pole, Fundi. Nieleze hii picha kama unayemweleza mtoto wa shule."

Fundi aligusa picha kwa ncha ya kalamu. Aliongea taratibu. Jiwe ni jekundu la kung'aa, lakini kitu chenyewe hasa ni michoro. Kuzunguka tumbo la ushanga kuna miduara, kila mmoja na mduara mwingine ndani yake, kama macho yaliyokodolewa. Kati ya jicho na jicho kuna mistari ya kupanda na kushuka. Kwenye kila tundu la uzi pana alama ya msalaba.

"Rangi hii nyeupe ni chokaa?"

"Siyo rangi. Mtu wa kale alikoroga magadi na utomvu wa majani, akachora, akaubanika kwenye makaa. Weupe ukazama ndani ya jiwe. Usugue mpaka uzeeke wewe, hautoki."

"Na macho haya ni ya nini?"

"Wapo wanaosema ni ya kumlinda anayeuvaa. Wapo wanaosema ni jua. Waliouchora hawakutuachia neno."

"Ulivaliwa na nani?"

Fundi alishusha kalamu. "Ulikutwa kaburini. Shingoni mwa mtoto mchanga."

"Ukubwa wake?"

"Punje ya mahindi. Picha inadanganya."

Inspekta alitoa bahasha ya khaki mfukoni. "Huu tuliukuta kwenye kikapu cha Mama Pacha..."

"Siyo wenyewe," alisema Fundi.

Bahasha ilikuwa bado imefungwa.

"Hujauona," alisema Inspekta.

"Nilidhani... Nilisikia ukielezwa."

"Na nani? Uliondoka mapema."

Fundi alishika chupa ya spiriti. Inspekta alifungua bahasha, akaumwaga ushanga kiganjani. Fundi alichovya pamba kwenye spiriti, akasugua mara moja tu. Weupe wote ukahamia kwenye pamba, ukabaki ushanga mwekundu mtupu.

"Plastiki," alisema kwa sauti ndogo. "Wa mtoto."

Mkuu alikohoa. "Kwa mbali ulifanana sana, Afande."

"Kwa mbali hata mimi nafanana na malaika," alisema Inspekta. "Watu watatu tulio na vyeo tuliushika Ijumaa, na hakuna aliyetafuta pamba."

Akavua kofia, akapiga magoti, akainua shuka la meza. Alikaa pale chini kitambo. Sisimizi walikuwa wamejipanga kutoka kona ya ukuta, kila mmoja na chembe yake ya biskuti kichwani.

"Mnakula humu?"

"Hata maji ni marufuku!" alisema Mkuu.

"Kufuli, njoo nje kidogo."

Kwenye korido mlinzi alisimama wima kama yuko gwaride.

"Ijumaa nani aliingia chumba hiki?"

"Hakuna mtu, Afande. Fundi na mfagizi basi."

"Mtu mzima hakuna. Nisikie sasa wasio wazima."

Kufuli alitazama viatu vyake. Shingo ikamlowa jasho.

"Afande, yule mtoto hafiki hata kiunoni mwangu. Fundi aliniomba. Yaya wake alikuwa ameondoka, hana pa kumwacha, na Mkuu alishamwonya kuhusu mtoto. Nikasema pita haraka. Mimi pia nina mjukuu."

"Na ulipomrukia Mama Pacha, ulikumbuka kwamba kuna mwingine aliyekuwamo?"

"Nilikumbuka."

"Ukasema?"

"Ningesema, ningejitaja."

Inspekta alirudi ndani. Alimkuta Fundi ameketi, mikono ameificha ndani ya mikono ya koti.

"Binti yako ana umri gani?"

Mkuu alishangaa. "Binti yake anaingiaje hapa?"

"Miaka mitatu haijatimia," alisema Fundi, na machozi yakaanza kumtoka bila sauti. "Nilimkalisha chini ya meza na biskuti zake. Nikamwambia ukinyamaza nitakupa pipi. Mkuu akabisha mlango, hakuingia, akauliza kwa nje, 'Pipi iko tayari?' Nikamjibu kwa sauti, 'Pipi iko mezani!' Nikageuka kuchukua taa. Niliporudi kisahani ni kitupu, na yeye amesimama, mdomo kaufumba."

Mkuu alivuta kiti, akakaa.

"Nilimpekua mfukoni, nikampekua mdomoni. Nikajua amemeza. Nikasingizia kichwa, nikaondoka naye, nikasema itatoka. Itatoka Jumamosi, nitaiosha, nitasema ilianguka nyuma ya kabati. Jumamosi haikutoka. Jana haikutoka."

"Na Mama Pacha?"

"Nilisema watamwachia tu."

"Mwachiaji ni mimi," alisema Inspekta, "na mimi nilikuwa sijui lolote. Simama. Mtoto yuko wapi?"

*

Mtoto alikuwa na bibi yake, mama mkwe wa Fundi, aliyefungua mlango huku anasema.

"Polisi! Afadhali mmekuja. Mkamateni huyu mkwe wangu, amenichukulia chujio la chai tangu Ijumaa. Nikimwuliza anasema ni mambo ya kazi. Kazi gani ya ofisini inataka chujio?"

Chujio lilikuwa limeegemezwa kwenye poti ya mtoto, mlangoni pa choo. Koplo aliliona, akaliacha lilipo. Fundi alijifunika uso kwa viganja viwili.

"Mama, nisamehe. Nitakununulia jingine."

"Si jingine, nataka nijue..." Bibi aliona koti jeupe linavyotikisika, akawapisha mlangoni.

Msichana alitoka chumbani akiburuta mdoli kwa mguu. Alikuwa mchangamfu, shavu limejaa. Inspekta aliinama kumsalimia, kisha akabaki hapo hapo ameinama. Tundu la kushoto la pua lilikuwa kavu. La kulia lilikuwa linatoa uchafu wa manjano, na harufu yake ilikuwa kama maji ya chombo cha maua yaliyosahaulika.

"Mafua haya yameanza lini?"

"Jumamosi," alisema bibi. "Nampaka mafuta, hayasikii."

"Bibi, mafua hutoka pua zote. Tundu moja likinuka peke yake, ujue limewekewa kitu. Wangu wa pili aliweka haragwe mpaka likataka kuota. Fundi, hakumeza."

Fundi alimrukia mwanawe na kidole tayari. Inspekta alimdaka mkono hewani.

"Usiguse! Ukikisukuma kikaangukia njia ya pumzi, utakuja kumzika nacho kama walivyofanya hao wenzako wa kale."

Maneno yalikuwa makali kupita kiasi, na Inspekta aliyasikia yalivyotoka. Akamwachia mkono. "Mbebe. Mweke wima, asilale. Koplo, washa gari."

Daktari wa zamu alivaa taa ya kichwani, akamfunga mtoto kwa shuka kama mkate, akamwambia Fundi ashike kichwa. Mtoto alipiga kelele iliyotoa watu kwenye foleni. Daktari aliingiza kichuma chenye kulabu ndogo, akakivuta taratibu. Kitu kikalia kwenye kisahani cha chuma.

Muuguzi alikimwagia maji. Usaha uliondoka, na macho meupe yakatokea moja moja kwenye jiwe jekundu, mazima, hayakuchubuka popote.

"Siku ngapi hii imo humu?" aliuliza daktari.

"Tangu Ijumaa," alijibu Inspekta.

"Angeivuta akiwa usingizini, leo mngenijia na kilio. Sikilizeni, na mkawaambie wenzenu. Wananiletea vifungo, punje, betri za saa, na mara nyingi wamechelewa. Mama amejua siku ileile, lakini anaona haya. Ataambiwa alikuwa wapi, ataambiwa hajui kulea. Basi anangoja, labda kitatoka chenyewe. Ninyi mnaona haya, mtoto anaoza pua. Njooni na haya yenu, tutawatibu hivyo hivyo."

Fundi alikuwa amemkumbatia mwanawe na mgongo ameuelekeza kwenye kisahani. Kitu alichokitunza kwa pamba na kibano hakukitazama hata mara moja.

"Afande, nifunge mimi," alisema.

"Hilo lina wakati wake. Kwanza utasema kwa kinywa chako, mbele ya yule mama."

*

Mama Pacha aliposomewa kituoni kwamba kesi imefutwa na yuko huru hakuruka wala hakulia. Koplo alimwonyesha mlango wa nyuma, ambako gari lilikuwa limeletwa karibu, asionekane na watu.

"Siendi huko," alisema. "Mlinitoa makumbusho na pingu watu wakitazama. Wengine walitoa simu wakanipiga picha. Nirudisheni palepale, watu wakitazama."

"Mama, watoto wanakungoja," alisema koplo.

"Wananingoja, najua. Wakikua wataambiwa mama yao alikuwa mwizi wa makumbusho, na nani atawaambia vingine? Twende."

Wafanyakazi walikusanyika uani, wengine na vikombe mkononi. Mkuu alianza kusema kwamba ni bahati mbaya, kwamba lugha ya usalama wakati mwingine huleta utata. Mama Pacha alimwacha aongee mpaka maneno yakamwishia yenyewe.

Fundi alikuja mbele. "Mtoto wangu ndiye aliyechukua. Nilijua Ijumaa hiyohiyo. Nikanyamaza." Akataka kupiga magoti. Mama Pacha akamshika bega, akamzuia.

"Mzima?"

"Mzima."

"Mungu ashukuriwe. Sitamwombea mtoto baya." Sauti yake haikupanda. "Ila siku zote hizo wako alilala na mama yake. Wangu walilala kwa jirani. Hilo ulilijua?"

"Nililijua."

"Basi. Nilitaka wasikie umejibu."

Inspekta alivua kofia. Alipoanza kuongea ilibidi aanze upya, maana waliokuwa nyuma hawakusikia.

"Mama huyu hakuiba kitu. Alisema kweli tangu mwanzo. Aliyeandika kwamba amekiri ni mimi. Sikumwuliza pipi gani. Swali moja hilo lingemrudisha nyumbani siku ileile."

Kufuli alisimama kando ya lango, macho chini, na alipomfungulia Mama Pacha funguo zilimwanguka.

Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja mwisho wa njia nyembamba. Jirani, mwanamke mnene mwenye pacha kwenye kila bega, alipiga yowe la furaha, kisha akalikata alipoona sare.

"Nimewapa uji, dada, nisamehe. Maziwa ya kopo yaliwachafua tumbo. Sikuwa na la kufanya."

"Umenilelea, dada yangu. Nikusamehe nini?"

Mama Pacha aliketi kitandani, akafungua gauni aliloazimwa kituoni. Wa kwanza alipokea ziwa kwa pupa, akishika kwa mikono yote. Wa pili aliligusa kwa midomo, akageuza uso. Mama yake akamrudisha polepole. Akageuza tena, akalia, akamnyoshea jirani mikono.

"Hanitaki," alisema Mama Pacha.

"Atakuzoea," jirani alisema haraka. "Mtoto hasahau, ni hasira tu hiyo."

Inspekta alikuwa bado kizingitini, kofia mkononi. Alitazama mtoto yule, akatazama sakafu.

"Mama Pacha, nikusaidie nini? Lolote. Sema."

Mama Pacha hakuinua kichwa. Alikuwa anambembeleza yule wa pili, anampitishia tone la maziwa kwenye mdomo kwa kidole.

"Funga mlango, Afande," alisema. "Wewe ukiwa upande wa nje."